Ndoo kwenye kona ya nyumba: maji, vyoo na makazi katika vijiji vya baridi kali vya Alaska

Afisa Afya (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni afisa afya wa mazingira, na naleta mada inayohusu vijiji vya magharibi na kaskazini mwa Alaska, jimbo la Marekani. Wakazi wake wengi ni wenyeji wa asili, hasa Wayup'ik na Wainupiat, na vijiji vingi havifikiwi kwa barabara yoyote. Mzigo huja kwa ndege ndogo, au kwa tishari katika miezi michache ambayo mito haijaganda. Zaidi ya 30 kati ya vijiji hivyo havijapata mtandao wa maji ya bomba na vyoo vya kuvuta majumbani, na kwa miaka mingi serikali ya jimbo imekuwa ikitaja zaidi ya nyumba 3,300 za vijijini zilizo katika hali hiyo. Shishmaref, Kivalina na Teller ni majina yanayojirudia sana katika taarifa za jambo hili.

Choo katika nyumba hizo ni ndoo ya plastiki ya lita 20 hivi, iliyotandikwa mfuko na kuwekewa kiti juu, nayo hukaa kwenye kona nyuma ya pazia, mara nyingi hatua chache tu kutoka jikoni. Ikijaa, mtu wa nyumba huibeba hadi kwenye kasha la pamoja lililo kando ya njia, na kasha hilo hukokotwa kwa pikipiki ya theluji au ya magurudumu manne hadi bwawa la majitaka nje ya kijiji. Njiani uchafu humwagika. Msimu wa baridi kilichomwagika huganda papo hapo, na theluji inapoyeyuka hutiririka pamoja na maji hadi kwenye njia za mbao ambako watoto hucheza. Maji ya kunywa huchotwa kwenye jengo moja la kijiji lenye mtambo wa kusafisha maji, mashine za kufulia na mabafu ya kulipia, au hukingwa wakati wa mvua, au huyeyushwa kutokana na barafu iliyokatwa mtoni.

Ninachotaka tukijadili ni hiki: wingi wa maji ndani ya nyumba una uzito wake kiafya hata pale maji ya kunywa yanapokuwa safi, na mradi wa kuyaleta hayo maji huanza kufa pale ambapo hakuna aliyepangiwa kulipa gharama za kuuendesha.

Kuhusu maji yenyewe ushahidi ni mzito. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi uliolinganisha maeneo ya vijijini ya Alaska yenye nyumba nyingi zilizounganishwa na maji na yale yenye nyumba chache. Katika maeneo yenye huduma duni, kulazwa hospitalini kwa nimonia na homa ya mafua kulikuwa mara 2.5 zaidi, kulazwa kwa maambukizi ya ngozi karibu mara mbili, na kwa watoto wa chini ya miaka 5, kulazwa kwa virusi vya RSV vinavyoshambulia mapafu kulikuwa mara 3.4 zaidi. Sisi tuliofundishwa kwamba choo kibovu maana yake ni kuhara na kipindupindu tunapaswa kuyatazama vizuri magonjwa haya, kwa kuwa yanatokana na mikono, ngozi, mataulo na nguo zisizooshwa vya kutosha. Maji ya kubeba hutumiwa kwa kubana mno. Beseni moja la kunawia huwekwa asubuhi, na watu wote wa nyumba huosha mikono humo kwa zamu hadi maji yatakapokuwa machafu kabisa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia vijiji vinne vya magharibi mwa Alaska kabla na baada ya kuingiziwa maji ya bomba. Kabla ya mabomba, mtu mmoja alitumia takribani lita 6 kwa siku kwa mahitaji yake yote. Baada ya mabomba alitumia takribani lita 97. Katika kipindi hicho magonjwa ya njia ya hewa yalipungua kwa asilimia 16, ya ngozi kwa asilimia 20 na ya tumbo kwa asilimia 38. Lita 6 kwa siku ni chini ya theluthi moja ya lita 20 ambazo tumezoea kuzitaja kama kiwango cha chini kabisa kwa mtu aliye katika hali ya kawaida, na haya yanatokea ndani ya nchi tajiri kuliko zote duniani.

Karibuni tujadili.

Mzee wa Rungwe

Ndugu Afisa Afya, shukrani kwa mada nzito. Nina maswali mawili, na nayauliza kwa nia njema. La kwanza, kwa nini wasichimbe vyoo vya shimo na kuweka sakafu ya zege kama tunavyofanya huku? La pili, kama mahali penyewe ni pagumu kiasi hicho, kwa nini watu wasihamie mijini?

Afisa Afya

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa maswali yote mawili.

Choo cha shimo kinategemea udongo unaofyonza majimaji na vijidudu vinavyoozesha kinyesi. Katika sehemu kubwa ya vijiji hivi ardhi imeganda mwaka mzima, na ni tabaka la juu tu linaloyeyuka wakati wa kiangazi. Ukichimba unakutana na barafu iliyochanganyika na matope, na ukiendelea kuchimba unaliondoa tabaka lililokuwa likiikinga barafu hiyo na joto, hivyo shimo huanza kubomoka na kujaa maji. Kinyesi kilichomo hakiozi kwa sababu ya baridi. Hurundikana na kuganda kama nguzo inayopanda kuelekea juu. Kwenye delta ya mito Yukon na Kuskokwim hali ni ngumu zaidi, maana nchi ni tambarare yenye vidimbwi pande zote na maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Zaidi ya hayo, kwenda msalani nje usiku katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, penye upepo mkali, ni hatari kwa mtoto na kwa mzee.

Kuhusu kuhama, historia inajibu sehemu kubwa. Zamani watu hawa hawakukaa mahali pamoja mwaka mzima, bali walihama kwa misimu kati ya kambi za uvuvi na za uwindaji, na uchafu wa kambi moja haukupata muda wa kuwa tatizo. Ni shule za serikali na za misheni, na sheria za kuwalazimisha watoto kusoma, ndizo zilizowafanya watulie sehemu moja. Kuhusu kijiji cha Newtok inasimuliwa kwamba eneo lake lilichaguliwa kwa kuwa ndipo tishari lililobeba vifaa vya kujengea shule lilipoweza kufika. Waliotulizwa hapo kwa uamuzi wa wengine hawawezi kuambiwa leo kwamba walichagua vibaya. Tena chakula chao bado kinatoka mtoni, baharini na porini: samoni, sili, paa wa kaskazini, matunda ya mwituni. Ukimpeleka mjini mzee wa Kiyup'ik umemwondoa kwenye chakula chake, lugha yake na makaburi ya wazazi wake, na kodi ya nyumba ya mjini itamshinda.

Fundi Bomba, Nakuru

Mkuu, kama ardhi imeganda, mabomba yanapita wapi? Na maji yanawezaje kufika nyumbani bila kuganda njiani?

Afisa Afya

Fundi, hapa ndipo utaalamu wao ulipo, na kwa kweli wamefika mbali.

Mahali penye barafu nyingi ardhini, mabomba hupita juu ya ardhi kwenye nguzo fupi, yakiwa yamefungwa ndani ya tabaka nene la povu la kuzuia joto lisitoke na kufunikwa kwa bati. Maji hupashwa joto kwenye mtambo kisha husukumwa kwa pampu yazunguke bila kusimama, yatoke mtamboni, yapite kwenye nyumba zote na kurudi pale pale yalipoanzia. Maji yanayotembea na yenye joto kidogo hayagandi kirahisi. Pampu ikisimama au boila ikizimika usiku wa Januari, mwendeshaji ana saa chache tu za kuokoa mtandao mzima, na asipowahi mabomba yatapasuka kijiji kizima.

Kwa majitaka, mteremko wa kawaida ambao wewe unautumia hautegemewi, kwa sababu ardhi ikiyeyuka hudidimia na bomba hupinda. Baadhi ya vijiji, kama Noorvik na Emmonak, vilifungiwa mfumo wa kunyonya kwa ombwe, ambao haudai mteremko mkubwa. Kasoro yake ni kwamba vali moja ikikwama wazi katika nyumba moja, ombwe hupotea na majirani nao huathirika. Mabwawa ya kupokea majitaka hukaa yameganda kwa miezi mingi ya mwaka, hivyo hujengwa makubwa ya kuhifadhi majira yote ya baridi, na kazi ya kusafisha hufanyika kiangazi.

Penye nyumba zilizotawanyika hutumika matanki: kila nyumba ina tanki la maji safi na tanki la majitaka, na gari hupita kujaza moja na kunyonya jingine. Hata Bethel, ambao ndio mji mkubwa wa delta ile, una nyumba nyingi zinazohudumiwa kwa maboza. Ubaya wake ni kwamba familia hulipia kila safari ya gari, kwa hiyo hujinyima maji, na tunarudi kwenye lile beseni. Kwa macho ya mkaguzi, nyumba ya namna hiyo ina sinki na choo cha kuvuta, na kwenye takwimu inahesabiwa kuwa imehudumiwa.

Nesi wa Kaskazini

Kaka Afisa Afya, mimi ni mzaliwa wa Bukavu na sasa ninaishi Anchorage, jiji kubwa la Alaska, ambako nafanya kazi ya uuguzi. Yale uliyoyaandika kuhusu RSV ni kweli. Watoto wachanga wa delta ya Yukon na Kuskokwim wamerekodiwa kuwa na viwango vya kulazwa kwa virusi hivyo ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani, na wanaozidiwa husafirishwa kwa ndege hadi huku, mama akiwaacha watoto wengine kijijini bila kujua atarudi lini.

Ningependa kuongeza kwamba maji peke yake hayaelezi kila kitu. Nyumba zimejaa watu, wakati mwingine vizazi vitatu katika vyumba viwili, na jiko la kuni linatoa moshi ndani. Kirusi kimoja kikiingia kinapita kwa wote. Nirsevimab, sindano ya kuwakinga watoto na RSV iliyoidhinishwa hapa Marekani mwaka 2023, imetupa matumaini, na watoto wa wenyeji wa asili wa Alaska wamo katika kundi linaloshauriwa kupewa hata katika msimu wao wa pili wa virusi hivyo. Hata hivyo, chanjo na dawa haviwezi kumpa mama maji ya kumwogeshea mtoto.

Jambo jingine ni udhaifu wa kutegemea jengo moja. Januari 2021, wakati wa korona, jengo la maji na kufulia la kijiji cha Tuluksak liliteketea kwa moto, na kwa siku hiyo moja kijiji kizima kikapoteza maji safi, mabafu na mashine za kufulia, wakati kila mtu alikuwa akihimizwa kunawa mikono.

Msanifu Majengo, Dar

Dada Nesi amenigusa aliposema nyumba. Naomba mleta uzi atueleze kuhusu majengo yenyewe, kwa sababu nijuavyo, choo na maji vikiingia katika nyumba isiyoandaliwa huleta unyevunyevu na kuharibu kuta.

Afisa Afya

Umesema kweli kabisa, na hili ndilo eneo ambalo nadhani wapangaji walikosea zaidi.

Nyumba nyingi za vijijini zilizojengwa kwa fedha za serikali kuu kuanzia miaka ya 1970 zilitokana na ramani za maeneo yenye hali ya hewa tofauti kabisa. Mvuke wa kupikia, kuoga na kupumua kwa watu wanane hauna pa kutokea. Hupenya ukutani, hukutana na baridi, hugeuka maji ndani ya ukuta na kuozesha mbao na sponji ya kuzuia baridi. Ukungu mweusi huota nyuma ya vitanda. Mafuta ya kupashia nyumba joto yakiwa ghali, familia huziba matundu ya hewa kwa vitambaa ili joto lisipotee, na siwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Katika kijiji cha Quinhagak nyumba nyingi zilioza kiasi cha kutishia usalama wa wakazi. Kituo cha utafiti wa makazi ya baridi kilichoko Fairbanks kilikaa na wanakijiji na mwaka 2010 wakajenga nyumba ya mfano yenye pembe nane, isiyokusanya theluji upande mmoja na inayostahimili mvua ya kusukumwa na upepo. Mwaka mmoja kabla, katika kijiji cha Anaktuvuk Pass, kituo hicho hicho kilijenga nyumba iliyorudia hekima ya nyumba za udongo na nyasi za Wainupiat, ambazo zilitunza joto kwa kujikinga na ardhi yenyewe. Navutiwa na namna walivyoanza kwa kuwasikiliza wazee kabla ya kuchora.

Msingi nao una sheria yake. Nyumba yenye joto ikikaa moja kwa moja juu ya ardhi iliyoganda huiyeyusha ardhi hiyo na kuzama ndani yake. Kwa hiyo huinuliwa juu ya nguzo ili hewa baridi ipite chini, na miguu yake mara nyingi huwa ya kurekebishwa ili isawazishwe ardhi inapocheza. Nyumba ikihama hata kidogo, bomba linaloingia ndani hukatika. Ndiyo maana mhandisi wa maji na msanifu wa nyumba hawapaswi kufanya kazi katika ofisi mbili zisizozungumza.

Kisa cha Newtok kinaonyesha matokeo ya kutenganisha mambo hayo. Mto Ninglick ulikuwa ukimega ukingo wa kijiji mwaka hadi mwaka: ulichukua dampo mwaka 1996 na gati la matishari mwaka 2005. Mwaka 2003 Bunge la Marekani liliidhinisha kubadilishana ardhi ili wanakijiji wapate eneo jipya la Mertarvik katika kisiwa cha Nelson. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019 na za mwisho Oktoba 2024. Ardhi mpya ni imara, lakini nyumba nyingi zilikabidhiwa bila mabomba, na watu waliosubiri kwa zaidi ya miaka 20 wakajikuta wakibeba ndoo ile ile. Baada ya hapo, Oktoba 2025, mabaki ya kimbunga Halong yalipiga pwani ile na kung'oa nyumba kwenye misingi yake katika vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, na mamia ya watu wakasafirishwa kwa ndege hadi Bethel na Anchorage.

Msongamano hauishii Alaska. Kaskazini mwa Kanada, sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wainuit wanaoishi katika maeneo yao ya asili wamo katika nyumba zilizojaa kupita kiasi, na kifua kikuu bado kinawatesa kwa viwango ambavyo Wakanada wengine wamevisahau. Serikali ya nchi hiyo iliahidi mwaka 2018 kwamba kufikia 2030 itakitokomeza katika maeneo hayo, na sioni namna ahadi hiyo itakavyotimia bila nyumba mpya.

Mwanakamati wa Maji

Ndugu, huku kwetu tumeona visima vingi vilivyofunguliwa kwa sherehe vikafa baada ya pampu kuharibika. Je, huko tatizo ni fedha za kujenga au ni fedha za kuendesha?

Afisa Afya

Ndugu Mwanakamati, umefika kwenye kiini cha jambo.

Fedha za kujenga zimekuwa zikija, ingawa kwa mwendo wa taratibu. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1959 iliipa idara ya afya ya wenyeji wa asili jukumu la kujenga miundombinu ya maji na majitaka, na jimbo likatunga sheria yake ya maji salama vijijini mwaka 1970. Gavana Tony Knowles, aliyeongoza kati ya 1994 na 2002, aliahidi kwamba kufikia 2005 ndoo hiyo ingebaki kuwa kitu cha kuonyeshwa makumbusho. Ahadi haikutimia. Sababu moja ni kwamba gharama ya kuunganisha nyumba moja katika kijiji kilichobaki inaweza kufikia mamia ya maelfu ya dola, na idara ilikuwa na kikomo cha gharama kwa kila nyumba. Mradi uliokizidi ulihesabiwa kuwa haufai kiuchumi na kuwekwa kando. Kijiji kigumu zaidi ndicho kilichoachwa mwisho.

Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilibadilisha hilo. Ilitenga dola bilioni 3.5 kwa ajili ya maji na usafi katika jamii za wenyeji wa asili nchini kote, kwa mafungu ya dola milioni 700 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2026, na ikaruhusu hadi bilioni 2.2 zitumike kwa miradi iliyozidi kile kikomo. Hii ni hatua kubwa, na nawapongeza walioipigania. Fedha hizo, hata hivyo, ni za kujenga. Mshahara wa mwendeshaji, dizeli ya boila, umeme wa pampu na vipuri vinavyoletwa kwa ndege vimebaki juu ya kijiji cha watu mia tatu au mia nne, ambamo ajira za mshahara ni chache na petroli ya kwenda kuvua ni ghali. Familia zikishindwa kulipa ankara, mapato hushuka, mwendeshaji huacha kazi, na mtandao huganda kwa kukosa mtu wa kuamka usiku.

Kuna mambo ambayo yamesaidia. Jumuiya ya afya ya makabila ya Alaska imeunda ushirika ambamo vijiji huunganisha usimamizi, ankara na mafundi, badala ya kila kijiji kuhangaika na mhasibu wake. Jimbo pia lina mpango wa tangu miaka ya 1980 wa kufidia bei ya umeme vijijini. Mahali pengine joto linalopotea kwenye jenereta za dizeli limeelekezwa kupasha maji yanayozunguka mabombani, na hapo matumizi ya mafuta ya mtambo wa maji hupungua sana. Kivalina, tangu 2015, nyumba chache zilijaribu kifaa kidogo cha ndani chenye tanki la maji, sinki la kunawia na choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi, ambacho familia inaweza kukihamisha pamoja nayo ikihama. Kifaa hicho hakitoi lita 97 kwa siku, ila kinampa mtu maji yanayotiririka juu ya mikono yake, na mimi ningekichagua mara moja badala ya kusubiri bomba kwa miaka mingine 20.

Kwetu Tanzania, sheria ya maji ya 2019 iliweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), kwa kutambua kwamba kisima bila mwendeshaji anayelipwa hakidumu. Ningeomba wanajukwaa waliomo katika vyombo hivyo watuwekee hapa viwango vya bei wanavyotoza kwa ndoo au kwa uniti, sehemu ya mapato inayokwenda kwa mwendeshaji, na muda ambao pampu ilikaa bila kufanya kazi mara ya mwisho ilipoharibika.